Asumini Katika Bakuli: Kupamba Nyumba kwa Maua ya Pwani

Bibi wa nyumba akitaka kuipamba sebule yake kwa maua, siku hizi jambo la kwanza limjialo moyoni ni kwenda dukani. Huko hukuta maua ya plastiki ya kila rangi, mengine ya bei kubwa. Huyanunua, akayaweka juu ya meza, na mwezi haujaisha yamekwisha kufunikwa na vumbi, wala hapana mgeni hata mmoja aliyeyainamia kuyanusa. Hatusemi kuwa ni dhambi kufanya hivyo. Lakini twashangaa kwamba mtu wa Bagamoyo, au wa Saadani, au wa Pangani, aliyezaliwa katika nchi ya asumini, atoe fedha yake kununua picha ya ua.

Huenda sababu ni kwamba tumejifunza kuyatazama maua kwa jicho la wengine. Wajapani, kwa mfano, wana elimu kubwa ya kupanga maua. Ilianza katika mahekalu yao ya Kibudha, maua yakitolewa kuwa sadaka, kisha kwa muda wa karne nyingi ikawa sanaa yenye walimu wake na madarasa yake. Huko tawi moja lililopinda na nafasi tupu iliyo kando yake huhesabiwa kuwa uzuri. Watu wa Ulaya nao hupenda wingi: shada nene la rangi nyingi katika chombo kirefu katikati ya meza. Zote mbili ni kazi za jicho. Kwetu sisi maua hupangwa kwa pua kwanza, ndipo jicho lipate sehemu yake.

Na desturi hii si ya jana. Ibn Battuta, yule msafiri wa Tanja, alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikaribishwa kwa tambuu na popoo, na kwa maji ya waridi ya Damaski aliyomiminiwa mikononi. Mgeni hakuonyeshwa ua, alinukishwa. Mpaka leo katika maulidi ya mwambao, watu wanaposimama kwa kiyamu, mrashi hupitishwa na chetezo hufuka, na aliyekuwa nyuma kabisa ya msikiti hupata haki yake sawa na aliye mbele. Bagamoyo, mji aliofundisha Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu kwa jina la Sheikh Ramiya, aliyefariki mwaka 1931, umesikia harufu hiyo katika mikutano ya dhikri na maulidi vizazi kwa vizazi.

Dini yetu nayo haikulidharau jambo hili. Sura ya Rahman, inapohesabu neema za ardhi, haikuishia kwenye matunda na nafaka tu, bali imetaja pia mmea wa harufu nzuri, yaani rehani. Na katika Sahihi ya Muslim imepokewa kwamba Mtume wetu (S.A.W.) aliagiza kuwa anayetunukiwa rehani asiikatae, kwa kuwa si mzigo kuichukua na harufu yake ni njema. Ndiyo maana hata majina ya watoto wetu yametoka bustanini: Yasmini, Warda, Rehani, Zahara.

Pambo la maua lililo la pwani hasa ni kikuba. Huchukuliwa vitawi vya mrehani vilivyo laini, matumba ya asumini, na ua la mkadi lililochanwa vipande vyembamba, vyote vikafungwa pamoja kwa uzi, vikawa shada dogo lisilozidi kiganja. Mkadi huo ni ule mti wa majani marefu yenye miba, uotao katika mchanga nyuma ya ufuo. Anayekwenda kuuchuma na avae nguo nzito. Kikuba huchomekwa nyweleni au kifuani, na bibi harusi hawi bibi harusi mpaka amekivaa. Baadhi ya wanazuoni wamekumbusha, na ukumbusho wao ni wa haki, kwamba haimpasi mwanamke kutoka njiani huku akinukia ili wanaume wasiomhusu wamgeukie. Basi kikuba ni kitu cha ndani: cha mume na mke, cha ukumbi wa wanawake, cha siku ya Idi nyumbani. Na twaona kuwa hapo ndipo penye heshima yake, maana kimetengenezwa kwa watu wa karibu.

Tukija kwenye sebule, chombo kifaacho zaidi ni bakuli pana lisilo na kina, wala si chupa ndefu. Wazee wetu walipenda mabakuli hata wakayaweka makaburini. Katika magofu ya Kaole, mwendo mfupi kusini ya Bagamoyo, nguzo za makaburi ya kale zilipachikwa vyombo vya kaure vilivyotoka China. Katika majumba ya mawe ya zamani, navyo vyombo kama hivyo vilipangwa katika zidaka za ukutani. Lako si lazima litoke China. Bakuli la bati jeupe lenye ukingo wa buluu latosha, na kifuu cha nazi kilichosuguliwa vizuri ni bora kuliko vingi tulivyoviona vikiuzwa kwa bei ya juu.

Asumini ichumwe baada ya sala ya Alasiri. Wakati huo matumba yamevimba na kuwa meupe, lakini bado yamefumba. Yachume kwa ncha za vidole, kimoja kimoja, uyatie katika kitambaa kilicholoweshwa au katika jani la mgomba. Ukiyachuma asubuhi yakiwa yamekwisha chanua, umechuma mabaki, kwani asumini hutoa harufu yake usiku. Jua likikaribia kuchwa, tia maji ya vidole viwili katika bakuli, tandaza majani machache ya kijani, kisha yaeleze matumba juu yake. Usilijaze bakuli. Acha theluthi ya maji ionekane, ili taa ipate mahali pa kung'aa. Kati ya Magharibi na Isha yataanza kufunguka moja baada ya jingine, na wageni watakaoketi hapo wataiona kazi hiyo kwa macho yao. Wenye kuketi juu ya mkeka waliweke bakuli chini, au juu ya kigoda, maana harufu huwafikia vizuri likiwa karibu nao. Lakini lisiwekwe chini ya feni, kwa sababu upepo utaichukua harufu na kuyanyausha maua kabla ya wakati wake. Ua la asumini halina kikonyo kirefu cha kunywea maji, ndiyo maana halikai katika chupa. Ama litungwe uzini kuwa koja, ama lielee.

Langilangi ni jambo jingine. Likiwa kijani halijapevuka. Ngoja mpaka ligeuke manjano, ulichume alfajiri. Wenzetu wa Komoro wamelifanya kuwa biashara kubwa, wakilikamua mafuta yanayotiwa katika marashi ya fahari ya Ufaransa. Katika chumba cha kawaida, ua moja latosha. Mawili ni mengi, na matatu yatamwondoa mgeni mwenye kichwa chepesi.

Rehani ndiyo rahisi kuliko yote. Kata vitawi, ondoa majani yatakayozama majini, uviweke katika bilauri ya kioo. Baada ya siku chache utaona vimetoa mizizi, basi badala ya kuvitupa vipande kwenye kopo. Kwa wenye kutaka rangi, bogenvilia lipo katika kila ukuta, lakini halina harufu, na likikatwa hunyauka upesi. Chuma maua yake tu, uyaeleze pamoja na asumini: rangi itoke kwa huyu na harufu kwa yule. Na aliye na minazi na aokote karara, lile ganda kavu la panda la mnazi lenye umbo la mtumbwi. Lifute vumbi, lilaze mezani, uweke ndani yake kopo dogo la maji lenye rehani na majani marefu ya kijani. Hapana mfua fedha aliyetengeneza chombo kizuri kuliko hicho, na bei yake ni kuinama tu.

Waridi tusilisahau, ingawa lile liuzwalo madukani Dar es Salaam si ndugu wa waridi la uani kwa bibi. Mawaridi ya biashara hulimwa nyanda za juu, kama vile Arusha, na Naivasha katika Kenya, na mengi husafirishwa kwa ndege mpaka Ulaya, hata kwenye mnada mkubwa wa Aalsmeer huko Uholanzi. Yamechaguliwa yawe na shina refu na yavumilie safari, na katika uchaguzi huo harufu iliachwa nyuma. Ukipewa, yapokee kwa shukrani. Kata ncha ya shina kwa mshazari, uondoe majani ya chini, na usiyaweke jirani na kapu la ndizi au maembe yaliyoiva. Matunda hayo hutoa hewa inayoyazeesha maua upesi.

Kuna jambo moja ambalo mama wa nyumba asilichukulie kwa wepesi. Maji ya maua ni kitalu cha mbu, hasa yule mwenye madoa meupe aumaye mchana na kuleta homa ya dengi. Dar es Salaam iliiona homa hiyo mwaka 2014, na tena mwaka 2019. Bakuli la asumini limwagwe kila asubuhi, wala lisingojewe kesho. Bilauri ya rehani ibadilishwe maji kila baada ya siku mbili, na ndani yake isuguliwe kwa kitambaa, kwa sababu mayai ya mbu hushika ukingoni, wala hayatoki kwa kumwaga maji peke yake.

Lakini bakuli litatoka wapi asumini, ikiwa mti haupo? Lugha yetu imeliita ua la mti na ua la nyumba kwa jina moja, na sasa tunaona ua wa pili ukimfukuza wa kwanza: nyua zimesakafiwa kwa saruji kutoka ukuta hadi ukuta, na siku ya harusi watu hukimbizana mji mzima kutafuta asumini za kutandaza kitandani. Mti huo hauhitaji shamba. Kata kijiti kisicho kichanga sana wala kikongwe, ukichomeke katika kopo lenye udongo na mchanga, kikae kivulini mpaka kishike, kisha ukipeleke juani. Kila kikimaliza kuchanua, kipunguze matawi, nacho kitatoa matumba mapya. Hata wenzetu wa bara kidogo, wa Chalinze na Ubena Zomozi, walio mbali na upepo wa bahari na wenye miezi mikavu, waweza kuutunza kwa maji ya kuoshea mchele, yanayomwagwa bure kila siku.

Na maua yaliyonyauka asubuhi yasitupwe yote. Yatandaze katika ungo kivulini siku mbili tatu mpaka yakauke, uyafunge katika kitambaa chepesi, uyatie ndani ya kasha kati ya kanga na kanzu. Yakichanganywa na majani makavu ya rehani, harufu yake hudumu zaidi.