Mkono Unaofika Nyuma ya Ulimi

Kinyozi wangu hapa Free Area, Nakuru, ana mazoea ambayo sidhani alifundishwa na mtu. Kabla ya kuwasha mashine, hupitisha vidole viwili chini ya taya, akashuka navyo kando ya shingo hadi karibu na mtulinga. Anatafuta vipele asije akavikata. Hajui kwamba vidole hivyo vinapita mahali ambapo saratani nyingi za koo na za nyuma ya pua hujitokeza mara ya kwanza: uvimbe mgumu, mdogo kama punje ya harage, usiouma, ambao mwenyewe huudhania jino au mafua yaliyokawia.

Chanzo cha uvimbe huo kinaweza kuwa mbali na macho. Simama mbele ya kioo, achama, ubonyeze ulimi kwa kijiko. Utaona kidakatonge kikining'inia na tonsili pande zote mbili. Shina la ulimi hutaliona, na nyuma ya pua ndiyo kabisa. Uvimbe ukiota huko, swali gumu la daktari wa upasuaji huwa moja: nitapitia wapi?

Zamani alipitia kwenye taya. Alipasua mdomo wa chini, akakata taya katikati kwa msumeno na kuifungua kama mlango wa kabati, kisha akaiunga kwa vyuma kazi ilipokwisha. Mgonjwa aliamka akipumua kupitia tundu la shingoni na kulishwa kwa mpira. Uvimbe wenyewe pengine haukuzidi njugu. Njia ya kuufikia ndiyo iliyomuumiza. Ndiyo maana madaktari wengi waligeukia mionzi na dawa kali, ambazo nazo humwachia mtu kinywa kikavu na shida ya kumeza.

Katikati ya miaka ya 2000, Gregory Weinstein na Bert O'Malley wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walijaribu kupitia mlango ulio wazi tayari: mdomo. Walitumia da Vinci, roboti iliyoidhinishwa nchini humo mwaka 2000 kwa upasuaji mwingine. Desemba 2009, Marekani ikaruhusu itumike kwa uvimbe wa koo kupitia kinywani.

Neno roboti lisikupotoshe. Mashine hii haiamui chochote. Daktari huketi hatua chache kutoka kwenye kitanda, uso ameuinamisha kwenye konsoli kama anayechungulia darubini, vidole ameviingiza kwenye vishikio. Kamera iliyo kinywani mwa mgonjwa humwonyesha koo kwa kina chake, likiwa limekuzwa hadi mara 10. Kifaa kinaweza kupangwa ili mkono ukisogea sentimita 3, ncha isogee 1 tu, na mtetemo mdogo wa vidole huchujwa usifike kwenye kisu. Ncha hiyo, nyembamba kama penseli, ina kifundo kinachojipinda hata pale ambapo mkono wa mtu usingeenea. Kando ya kichwa cha mgonjwa, daktari wa pili anafyonza damu na moshi. Taya haiguswi.

Mashine imeendelea kubadilika. Mwaka 2019 Marekani iliidhinisha kwa kazi ya koo toleo linaloingiza kamera na vifaa vitatu kupitia bomba moja la sentimita 2.5, badala ya mikono kadhaa kusongamana mdomoni. Mwaka 2024 likaja toleo jipya zaidi lenye vifaa vinavyomrudishia daktari hisia ya nguvu anayotumia. Kabla ya hapo alivuta nyama kwa macho tu, bila kuisikia mkononi.

Kwenye tezi ya shingo, Woong Youn Chung wa Korea Kusini alianza mwaka 2007 kuitoa kwa roboti iliyopenyezwa kwapani, shingo ikabaki bila kovu. Hilo si jambo dogo kwetu, maana ngozi nyeusi ni nyepesi kuota makovu yaliyovimba. Lakini tazama alichofanya Angkoon Anuwong wa Thailand tangu mwaka 2014: aliitoa tezi kupitia ndani ya mdomo wa chini kwa vifaa vya kawaida vya upasuaji wa matundu madogo, bila roboti. Njia hizo zote, hata hivyo, zinafaa tezi ndogo. Goita iliyoachwa ikakua ukubwa wa embe itahitaji mkato wa mbele, kama zamani.

Saratani ya nyuma ya pua inatuhusu kwa karibu zaidi. Katika miaka ya 1960, daktari Peter Clifford, aliyefanya kazi Nairobi, aliandika kuhusu ugonjwa huo nchini Kenya, hasa kwa watu wa nyanda za juu, akashuku moshi wa kuni katika nyumba zisizo na madirisha. Baadaye ilibainika kwamba kirusi cha Epstein-Barr, kilichogunduliwa mwaka 1964 katika uvimbe wa mataya wa watoto wa Uganda, nacho kina mkono wake. Tiba yake kuu ni mionzi. Saratani hiyo ikirudi baada ya mionzi, kuna wanaoweza kusaidiwa na roboti: William Wei wa Hong Kong aliripoti upasuaji wa aina hiyo mwaka 2010.

Sifa zisituleweshe. Jaribio la Kanada lililochapishwa mwaka 2019 liliwagawa wagonjwa 68 wa saratani ya koo kati ya roboti na mionzi. Baada ya mwaka mmoja, waliopata mionzi walimeza afadhali kidogo, ingawa tofauti ilikuwa ndogo mno kuleta nafuu ya maana. Mgonjwa mmoja aliyefanyiwa upasuaji alikufa kwa kuvuja damu.

Je, sisi tuko wapi? Hospitali za umma za Groote Schuur na Tygerberg, Cape Town, zina da Vinci. Kigali ina IRCAD Africa, kituo cha kufunza upasuaji wa matundu madogo kilichozinduliwa Oktoba 2023. Hospitali ya Rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta ina CyberKnife, mkono wa roboti unaoelekeza mionzi kwenye uvimbe bila kisu. Na hapa Nakuru, Hospitali ya Level Five, ambayo wazee bado wanaiita PGH, yaani hospitali kuu ya mkoa, ina kituo cha saratani chenye tiba ya mionzi.

Roboti hizi zina sharti linalofanana: uvimbe uwe mdogo. Da Vinci hukubali saratani za koo zilizo changa. Ukichelewa, hata ukisafiri hadi Cape Town, utarudishwa kwenye msumeno na mionzi ya muda mrefu. Hatua ya kwanza basi haigharimu mamilioni ya dola. Ni daktari wa masikio, pua na koo mwenye kamera nyembamba ya kupitisha puani, na mtu wa kukutuma kwake mapema.

Jumamosi iliyopita nilimwambia kinyozi wangu: ukigusa uvimbe shingoni mwa mteja, muulize una muda gani. Ukizidi wiki tatu, au ukiandamana na sauti kukwaruza, sikio moja kuziba au damu puani, mwambie aende hospitali. Akanyamaza. Kisha akaizima mashine aliyokuwa ameshaiwasha, akarudia shingo yangu upya, polepole, upande wa kushoto kisha wa kulia.