Mzoga Nao Una Kazi

Mfugaji aliyefiwa na ng'ombe huwa hana hamu ya kusikia habari za ng'ombe huyo tena. Hasara imeshaingia, kilichobaki ni kuchuna ngozi na kufukia. Akiambiwa akodi gari aupeleke mzoga chuo kikuu, anaona anaongezewa gharama juu ya msiba. Sisi tunaofundisha patholojia ya mifugo tumezoea kununiwa kwa ajili hiyo. Jibu letu ni lile lile kila mara: mgonjwa wetu si huyu aliyelala mezani, ni wale waliobaki zizini.

Patholojia ni elimu ya alama ambazo ugonjwa huziacha mwilini, kuanzia zile zinazoonekana kwa macho hadi zile za ndani ya seli moja. Kwa mhadhiri wa fani hii, meza ya kupasulia mizoga ndiyo darasa, na ndiko utafiti wake mwingi unakoanzia. Mnyama mmoja anaweza kuwa jibu kwa mfugaji, somo kwa mwanafunzi na swali la miaka mitano kwa mtafiti, yote kwa asubuhi moja.

Mwanafunzi mgeni anapenda kutaja majina. Kifua cha ndama kinafunguliwa, naye anasema, "Prof, hii ni ndigana kali." Jina baadaye, anajibiwa, niambie unaona nini. Basi anaanza upya, safari hii taratibu. Mapafu hayakunywea kifua kilipofunguliwa. Ni mazito, yamelowa, na ukiyabonyeza kidole kinaacha shimo. Koo la hewa limejaa povu jeupe, na povu hilo limefika mpaka puani. Tezi za mbele ya bega zimevimba. Ukubwa, rangi, ugumu, mahali, mtawanyiko: mpaka hayo yote yatajwe, hakuna anayeruhusiwa kutamka ugonjwa.

Wapo wanaoona huu ni ukaidi wa wazee. Mimi nauona ndio ufundi wenyewe. Povu kwenye koo la hewa linaweza kutokana na moyo ulioshindwa kazi, au na sumu. Kinachoisogeza hukumu upande wa ndigana kali ni povu pamoja na zile tezi, kisha kijidudu kinachoitwa Theileria parva kikionekana kwa darubini ndani ya seli za kinga. Kijidudu hicho huletwa na kupe, huingia kwenye seli hizo na kuzilazimisha zigawanyike ovyo, karibu na zifanyavyo seli za saratani. Mwishowe maji huvuja na kujaa mapafuni, na ndama anazama akiwa nchi kavu. Aliyetaja jina mapema asingezipapasa tezi.

Kuna mzoga mmoja, hata hivyo, ambao somo lake ni kutoupasua. Ng'ombe amekufa ghafla, damu nyeusi isiyoganda inatoka puani na njia ya haja kubwa, na mwili haujakakamaa sawasawa. Hapo shuku kimeta, na kisu kirudi mfukoni. Bakteria wa kimeta wakipata hewa hujigeuza kuwa mbegu ngumu zinazoweza kukaa ardhini miongo na miongo. Tone la damu kutoka sikioni linatosha: linapakwa kwenye kioo, linatiwa rangi ya methilini buluu, na bakteria wanaonekana kama vijiti vya buluu vyenye ncha za mraba, vimezungukwa na utando wa waridi. Njia hiyo ilielezwa na John McFadyean wa Uingereza mwaka 1903, na bado tunaifundisha. Bahati mbaya, mara nyingi tunafika nyama ya kibudu hicho imeshagawanywa kijijini.

Adui mwingine ni joto. Mnyama akilala juani saa chache, nyongo inapaka ini rangi ya kijani na tumbo linafura, na mwanafunzi anaandika uozo kana kwamba ni ugonjwa. Ndiyo maana tunawaomba maafisa mifugo wakate vipande visivyozidi unene wa sentimita 1 na kuvitia kwenye fomalini ya asilimia 10, yenye ujazo wa mara 10 ya nyama. Sampuli ya kutafutia virusi iwekwe kando kwenye barafu, kwa kuwa fomalini huviua.

Utafiti unaozaliwa na kazi hii tunao mfano wake hapa hapa. Mwaka 1930, kwenye shamba karibu na Ziwa Naivasha, wana-kondoo walikuwa wakifa siku chache baada ya kuzaliwa. Robert Daubney na J. R. Hudson wa maabara ya Kabete walipofungua mizoga, ini ndilo lililowashika macho: laini, limepauka, seli zake zimekufa kwa wingi. Wakathibitisha kwamba chanzo ni kirusi, na baadhi ya walioshughulika na uchunguzi wakaugua homa wenyewe. Ripoti yao, waliyoiandika pamoja na P. C. C. Garnham, ilichapishwa mwaka 1931, na ugonjwa ukapewa jina la Homa ya Bonde la Ufa. Mlipuko wa 2006 na 2007 uliua watu Kenya, Somalia na Tanzania. Hadi leo kondoo wanapotupa mimba kwa wingi baada ya mvua kubwa za mafuriko, ini ni miongoni mwa vitu vya kwanza tunavyotaka kuviona, na tunavaa glavu, barakoa na miwani kabla ya kuligusa.

Kijana anayeitaka njia hii ajue ni ndefu: shahada ya udaktari wa mifugo, uzamili, uzamivu, halafu ngazi za uhadhiri, ambazo mtu huzipanda kwa makala zilizochapishwa. Hapo ndipo nina neno. Makala kuhusu seli za panya wa maabara inahesabiwa anapopandishwa cheo. Ripoti ya kurasa mbili iliyomwambia mfugaji achanje mbuzi wake juma hili hili mara nyingi haihesabiwi popote, ingawa imeandikwa kwa macho yale yale na darubini ile ile. Mimi ningezihesabu zote mbili, na hiyo ya mbuzi ningeisoma kwanza.