Pembetatu na Kipimo cha Shamba

Watu wengi waliopita skuli walikariri hesabu ya pembetatu ili washinde mtihani, kisha wakaiacha darasani pamoja na chaki. Hata hivyo, hesabu hiyo ni ya mwenye shamba kuliko ya mwanafunzi. Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 uliposukuma mbele kazi ya kuunganisha ardhi, hasa katika Jimbo la Kati, mtu aliacha vipande vyake vilivyotawanyika akapewa mahali pamoja eneo lililohesabiwa kuwa sawa navyo. Je, usawa huthibitishwaje?

Euclid, Mgiriki aliyefundisha Alexandria yapata miaka 300 kabla ya Kristo, alionyesha njia. Ikiwa pande tatu za pembetatu moja ni sawa na pande tatu za pembetatu ya pili, kila upande na mwenziwe, basi pembetatu hizo ni sawa kabisa, kwa pembe na kwa eneo, hata kama moja imeelekea mashariki na nyingine magharibi. Upande mmoja ukizibwa na kinamasi, yatosha kupima pande mbili na pembe iliyo kati yake. Iwe kati yake hasa, maana pembe ya mahali pengine yaweza kudanganya. Pembe tatu peke yake hazitoshi: kiwanja kidogo na kikubwa huweza kuwa na pembe zile zile.

Hatari kubwa imo katika shamba la pande nne. Pigilia fito nne ziwe mraba, kisha sukuma pembe moja: pande hazikubadilika, lakini umbo limelala. Tuseme kila upande wa shamba ni yadi 100. Likiwa mraba, eneo lake ni yadi za mraba 10,000, na mstari wa katikati, toka pembe hata pembe, ni yapata yadi 141. Likilala hata mstari huo uwe yadi 100, eneo hubaki kama 8,660 tu. Aliyepima pande nne peke yake ataapa kwamba mashamba hayo ni sawa, kumbe zaidi ya robo eka imepotea.

Dawa ni kuupima mstari huo pia. Huligawa shamba kuwa pembetatu mbili, na pembetatu iliyopimwa pande zote tatu haisukumiki. Seremala ajua hayo, ndiyo sababu hupigilia ubao wa kukingama katika mlango. Basi mwenye kubadilishana ardhi na jirani yake aandike vipimo vitano vya kila shamba, avilinganishe kimoja kimoja kwa utaratibu ule ule, mbele ya wazee wanaoijua mipaka.