Bonanza la Gemu Ukumbini: Namna ya Kuliandaa Bila Bando na Bila Kamari



Likizo iliyopita, baada ya Misa ya Jumapili huku kwetu Sigino, vijana watatu wa VIWAWA walinisubiri nje ya kanisa. Walikuwa na ombi. "Frateri, tuombee ukumbi kwa Baba Paroko. Tunataka kufanya bonanza la gemu." Kabla sijafungua mdomo, mama mmoja wa jumuiya yetu aliyekuwa akipita akasimama. "Frateri, hata wewe? Hizo gemu si ndizo zinazomaliza hela za watoto wetu?"

Mama huyo hakukosea. Nilipokuwa kidato cha pili kulikuwa na banda moja la gemu nililopenda kupitia nikitoka shule. Sheria ya pale ilikuwa fupi: anayefungwa analipia. Baadaye tukaongeza yetu: anayefungwa anamlipa na aliyemfunga. Ndani ya siku mbili nilipoteza nauli ya wiki nzima. Nikatembea kwa miguu hadi Ijumaa, na nyumbani nikamwambia mama kwamba hela imedondoka. Mpaka leo nikifikiria banda lile sikumbuki bao hata moja nililofunga. Nakumbuka uongo ule.

Baba Paroko hakukubali wala hakukataa. Alisema tu, "Niandikieni mpango." Makala hii imetokana na mpango huo. Nimeiandika nikiamini kwamba vijana wa parokia nyingine wanalo ombi kama la vijana wetu, na wazazi wao wanayo hofu kama ya mama yule.

LAN ni kitu gani?

LAN ni mtandao wa ndani: kompyuta zilizo katika chumba au jengo moja zinaunganishwa kwa nyaya ili ziongee zenyewe kwa zenyewe. Hauhitaji intaneti. Wanaocheza pamoja kupitia intaneti huenda mmoja yuko Babati na mwingine Dar es Salaam, na kila tendo lao linapita kwenye seva iliyo mbali, pengine Ulaya. Safari hiyo inaweza kuchukua zaidi ya milisekunde 100, yaani sehemu ya kumi ya sekunde, na katika mchezo wa kasi mchezaji anaona kabisa kwamba kidole kimetangulia na picha imechelewa. Katika LAN ujumbe unapita kwenye waya wa mita chache, kwa kawaida chini ya milisekunde moja. Hakuna wa kusema, "Nimefungwa kwa sababu ya mtandao."

Faida ya pili kwetu ni kubwa zaidi: hakuna bando. Mtoto wa mkulima wa mbaazi na mtoto wa mwenye duka wanakaa meza moja, na mashine zao zina kasi ileile.

Nifafanue pia kwamba PlayStation moja yenye pedi mbili, zile tunazoshika mkononi, haihitaji mtandao wowote: wawili wanatazama runinga moja. LAN ni ya pale ambapo kila mchezaji ana mashine yake. Bonanza letu litakuwa na vyote viwili, yaani runinga nne zenye PlayStation kwa ajili ya mpira, na kompyuta nane zilizounganishwa kwa LAN.

Wakubwa walianza kama sisi

Asidhani mtu kwamba jambo hili lazima lianze na kampuni kubwa. DreamHack, tamasha la gemu lililokuja kujaza kumbi kubwa za maonyesho, lilianza na wanafunzi waliokusanyika na kompyuta zao katika shule moja ya mji mdogo wa Malung, Sweden, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mashindano ya Evo ya gemu za ngumi yalianza mwaka 1996 huko California yakiwa na wachezaji 40 hivi. Jirani zetu wa Kenya nao wamefika mbali: mwaka 2018 Sylvia Gathoni, mchezaji wa Tekken, alisajiliwa na timu ya kimataifa ya XiT Gaming.

Mafundisho ya kijamii ya Kanisa yana jina la jambo hili: kanuni ya auni. Papa Pius XI aliifafanua katika waraka wa Quadragesimo Anno wa mwaka 1931. Kile ambacho watu wachache wanaweza kukifanya wenyewe, chombo kikubwa kisiwanyang'anye, bali kiwasaidie. Kwa hiyo vijana wasingoje mfadhili, na parokia nayo isiwafanyie kila kitu. Vijana waandae, parokia iwape ukumbi, usimamizi na baraka.

Watu kabla ya mitambo

Kamati ya watu sita inatosha: mwenyekiti, mweka hazina, msimamizi wa vifaa, msimamizi wa umeme, mwamuzi mkuu, na mlezi aliye mtu mzima. Angalau wawili wawe mabinti. Bila hivyo siku ya bonanza mabinti watapewa kazi moja tu, ya kugawa chai.

Vifaa vyetu vingi vitakuwa vya kuazima, na hapa ndipo urafiki unapovunjika. Kila kifaa kibandikwe karatasi yenye jina la mwenyewe. Kiandikwe kwenye daftari kikiingia, kikaguliwe kama kinawaka, na mwenyewe asaini kikitoka. Muhimu zaidi, kamati ikubaliane kabla ya siku yenyewe nani atalipa pedi ikivunjika. Jibu letu ni mfuko wa kamati, hata kama mvunjaji anajulikana. Kijana asiye na kitu asiogope kushika pedi ya mwenzake.

Siku inayofaa ni Jumamosi. Tuanze saa nne asubuhi na kumaliza kabla ya saa kumi jioni, ili anayetoka mbali afike nyumbani jua likiwepo.

Umeme

Bonanza nyingi za aina hii huharibiwa na umeme kuliko kitu kingine. Tupige hesabu. Runinga ndogo inatumia takribani wati 60, na PlayStation 4 inaweza kufika wati 150. Vituo vinne ni wati 840. Kompyuta ya mezani na kioo chake tuseme wati 200. Nane ni wati 1,600. Jumla ni wati 2,440.

Ekstensheni yenye fyuzi ya ampea 13, kwa umeme wetu wa volti 230, kikomo chake ni kama wati 2,990. Mtu anaweza kusema basi moja inatosha. Haitoshi. Ekstensheni nyingi za bei rahisi zina nyaya nyembamba zisizobeba kiasi hicho kwa saa nyingi, na ile ya kuzungusha kwenye gurudumu hupata joto ikiachwa imeviringishwa. Tugawe mzigo kwenye soketi tatu za ukuta, na fundi umeme akague kwanza kama soketi hizo haziko kwenye waya mmoja. Nyaya zipite kando ya ukuta au zibandikwe sakafuni, mtu asijikwae. Jenereta, kama ipo, ikae nje mbali na madirisha, kwa sababu moshi wake unaua bila mtu kusikia harufu ya hatari.

Kufunga mtandao

Kinachohitajika ni swichi ya mtandao, yaani kile kisanduku chenye matundu ya nyaya, na waya mmoja kwa kila kompyuta. Kompyuta nane zinajaza swichi ya matundu nane, na likifa tundu moja mchezaji mmoja anabaki nje. Ni afadhali kuazima ya matundu 16. Waya wa mtandao unafaa hadi mita 100, hivyo ukumbi wa parokia hauna shida.

Kila kompyuta ipewe anwani yake, mfano 192.168.1.1, inayofuata 192.168.1.2, hadi 192.168.1.8. Ni kama namba za nyumba: zikifanana mbili, barua zinapotea. Tufunge kila kitu Ijumaa jioni na tucheze raundi moja ya majaribio. Asubuhi ya Jumamosi si wakati wa kugundua waya mbovu.

Kuhusu gemu zenyewe, tusiweke nakala za wizi kwenye ukumbi wa Kanisa. Zipo gemu za bure kihalali. SuperTuxKart, ya mbio za vigari, inakubali LAN, haihitaji kompyuta yenye nguvu sana, na haina damu. Kwa gemu za kununua tuangalie umri ulioandikwa kwenye kasha. Za mpira kwa kawaida zina alama ya miaka 3, lakini Tekken 7 ina alama ya 16, kwa hiyo watoto wa Utoto Mtakatifu wasiikaribie.

Ratiba yenye haki

Tuchukue wachezaji 16 wa mpira. Wengi wangepanga mtoano, yaani ukifungwa unatoka. Unaisha haraka kwa mechi 15 tu. Lakini tazama kinachotokea: baada ya nusu saa ya kwanza, wanane kati ya 16 wameshamaliza bonanza lao. Kuna aliyetembea saa nzima kuja kucheza robo saa.

Tupange makundi manne ya watu wanne, kila kundi kwenye runinga yake. Kila kundi lina mechi sita. Tukihesabu dakika 15 kwa mechi, pamoja na kubadilishana viti na kelele za washindi, makundi yote yanamaliza kwa dakika 90, na kila mtu amecheza mara tatu. Wawili wa juu wa kila kundi wanaingia robo fainali: mechi nne kwa wakati mmoja, dakika 15. Nusu fainali, dakika 15. Mshindi wa tatu na fainali zichezwe moja moja, wote wakitazama, dakika 30. Jumla ni mechi 32 kwa saa mbili na nusu. Wanaosubiri zamu wako kwenye vigari upande wa pili.

Sheria zisomwe kwa sauti kabla ya mechi ya kwanza. Makundi yapangwe kwa kura mbele ya wote. Anayechelewa dakika tano amepoteza mechi. Umeme ukikatika, mechi inaendelea kwa dakika zilizobaki na mabao yaliyopatikana yanahesabiwa. Sheria hii ya mwisho ikitungwa baada ya giza kuingia, hakuna atakayeikubali.

Mpaka wa kamari

Sasa narudi kwa mama yetu. Kwenye lugha yetu "gemu", "kubeti" na "dubwi" vimekaa kapu moja, lakini si kitu kimoja. Kamari ina dau: ninaweka changu nikitumaini kuchukua chako. Sheria ya mwaka 2003 iliunda Bodi ya Michezo ya Kubahatisha kusimamia mambo hayo, na walio chini ya miaka 18 hawaruhusiwi kuyashiriki. Gemu kwa yenyewe haina dau. Ni sisi, kama nilivyofanya kidato cha pili, tunaoliingiza.

Kwa hiyo mpango wetu unasema: hakuna kiingilio cha mchezaji na hakuna zawadi ya fedha. Mafuta ya jenereta na chai vitatokana na michango ya hiari, na mweka hazina atasoma hesabu hadharani siku hiyohiyo. Mshindi atapata mpira wa miguu, na atauchezea na wenzake wote. Atakayekutwa akiwekeana dau pembeni anatolewa, hata akiwa mwenyekiti.

Mtakatifu Tomaso anasemaje?

Kuna wanaodhani Kanisa linavumilia tu michezo. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika Summa Theologiae, sehemu ya pili ya pili, swali la 168, anafundisha, akimfuata Aristotle, kwamba ipo fadhila inayohusu michezo. Roho huchoka kama mwili unavyochoka, na mchezo ni pumziko lake. Anasimulia habari ya Mtakatifu Yohane aliyekutwa akicheza na wanafunzi wake, watu wakakwazika. Akamwambia mmoja wao mwenye upinde arushe mishale mfululizo, kisha akamuuliza kama angeweza kuendelea hivyo bila kukoma. Yule akajibu kwamba upinde ungevunjika.

Lakini Tomaso anaweka mipaka mitatu: mchezo usiwe wa aibu wala wa kudhuru, usitupotezee kabisa utulivu wa roho, na ulingane na mtu, wakati na mahali. Ukiusoma tena mpango wetu utaiona mipaka hiyo: umri wa gemu na katazo la dau, saa ya kumaliza, na Jumamosi badala ya muda wa Misa.

Tunaye pia mfano wa karibu. Mtakatifu Carlo Acutis, aliyezaliwa mwaka 1991 na kufariki mwaka 2006, alitangazwa mtakatifu na Papa Leo XIV Septemba 7, 2025. Alikuwa na PlayStation, na inasimuliwa kwamba alijiwekea kikomo cha saa moja kwa wiki. Hakuitupa, wala hakuiruhusu imtawale.

Ndugu msomaji, mpango uko mezani kwa Baba Paroko, nasi tunasubiri. Kwenye orodha ya kamati tumeacha nafasi moja wazi, ya mweka hazina. Vijana walipendekeza apewe yule mama aliyetusimamisha nje ya kanisa, kwa sababu wanajua hataachia hata shilingi moja ipotee. Nilikwenda kumwomba. Alicheka, akasema atafikiri, kisha akaniuliza kama hayo magari ya kwenye kompyuta mtu wa umri wake anaweza kuyaendesha.

Nilimwambia anaweza.