Deni la Mkataba Halilali

Mwaka 2003 kampuni ya City Water ilikabidhiwa kazi ya kusambaza maji Dar es Salaam kwa mkataba wa miaka kumi na mamlaka ya maji ya jiji, DAWASA. Haikumaliza hata miwili. Mei 2005 Serikali ilitangaza kuuvunja mkataba, na Juni ikatwaa shughuli zake na kuwaondoa nchini wakuu wa kampuni. Shauri likaenda kwenye majopo mawili ya usuluhishi. Lile la London liliamuru kampuni iilipe DAWASA takriban pauni milioni 3. La pili, la kituo cha ICSID cha Benki ya Dunia, liliamua mwaka 2008 kwamba Tanzania ilikiuka makubaliano yake ya uwekezaji na Uingereza kwa jinsi ilivyoiondoa kampuni, ila haikuamriwa kulipa fidia, kwani biashara hiyo ilikuwa imekwisha kupoteza thamani. Kwa hiyo hofu kwamba usuluhishi ni mtego wa wageni tu haina msingi. Kinachotuumiza ni kuacha mgogoro ulale huku riba ikikesha. Ndege ya Serikali aina ya Bombardier Q400 ilizuiwa Kanada mwaka 2017 kwa deni la mkandarasi wa barabara, Stirling, lililotajwa kufika dola milioni 38. Tuzo ya usuluhishi inayotambuliwa chini ya Mkataba wa New York wa 1958 humfuata mdaiwa hadi nchi nyingine.

Dawa ni upatanishi wa mapema, ambapo mpatanishi haamui, bali huwaketisha mkandarasi na taasisi nunuzi wakati deni bado dogo. Watu husema ofisa anayekubali kulipa leo atahojiwa na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) kesho. Hofu hiyo ni ya kweli, na naiheshimu. Lakini makubaliano yenye tathmini ya mhandisi huru na ushauri wa Mwanasheria Mkuu yanajitetea, na ni haki pia kumhoji aliyeacha riba ikue kwa kutoamua. Wengine wanataka mahakama zetu pekee, kama Mahakama Kuu pale Kivukoni. Mgeni anayeogopa mahakama za mdaiwa wake atapandisha bei ya zabuni, na tutailipa sisi. Tena usuluhishi unaweza kukaa hapahapa: Sheria ya Usuluhishi ya 2020 imeanzisha Kituo cha Usuluhishi Tanzania. Naye mfanyabiashara wa Kariakoo aliyepeleka madawati shuleni na hajalipwa hana ubavu wa kugharimia jopo. Mkataba wake, hata uwe mdogo, utaje idadi ya siku ambazo ndani yake upatanishi lazima uanze.