Je, Wajua? Dawa ya Chini ya Ulimi Iliyomrudisha Mraibu kwa Daktari Wake

Je, wajua kwamba nchini Marekani daktari aliyemwandikia mraibu wa heroini dawa ya kumtuliza aliweza kufungwa jela? Sheria ya Harrison ya mwaka 1914 ilitafsiriwa hivyo, na mwaka 1919, katika kesi ya daktari Webb wa Memphis, Mahakama ya Juu iliamua kwamba kumwandikia mraibu dawa ili aendelee na hali yake bila mateso si tiba. Madaktari wakaogopa, wagonjwa wakabaki mikononi mwa wauzaji. Hata methadoni, dawa nyingine ya kutuliza uraibu, ilipoanza kutumika hivyo miaka ya 1960, ilifungiwa katika kliniki maalumu.

Mambo yalibadilishwa na buprenofini. Wanakemia wa kampuni ya Reckitt & Colman, mjini Hull, Uingereza, waliitengeneza mwaka 1966 wakitafuta dawa ya maumivu. Hushika vipokezi vilevile vya ubongo vinavyoshikwa na heroini, ila huviamsha kwa sehemu tu. Dozi ikipanda, athari yake kwenye upumuaji hufika kiwango ikagota. Kwa hiyo ni salama zaidi kumpa mgonjwa aende nayo nyumbani, mradi asiichanganye na pombe wala dawa za usingizi.

Na je, wajua kwa nini mgonjwa huambiwa asubiri arosto (mateso ya kukosa dawa) ianze kabla ya dozi ya kwanza? Buprenofini hung'ang'ania vipokezi kuliko heroini. Ikiingia mapema huing'oa heroini iliyopo, na arosto humshukia mtu ghafla, kali kuliko aliyoizoea. Daktari asiyemweleza mgonjwa jambo hili humpoteza siku ya kwanza, na wengine hawarudi.

Kidonge huwekwa chini ya ulimi kwa sababu kikimezwa, sehemu kubwa ya dawa huvunjwa na ini. Mara nyingi huchanganywa na naloksoni, dawa inayozuia athari za heroini, ambayo chini ya ulimi haifanyi kazi ya maana. Mraibu akikiyeyusha na kujidunga, naloksoni huamka na kumletea arosto.

Ufaransa iliwaruhusu madaktari wa kawaida kuiandika katikati ya miaka ya 1990, bila kuwadai kozi maalumu. Kati ya 1995 na 1999, vifo vya kuzidisha dozi vilipungua kwa takriban asilimia 79. Ukitoa hata sehemu ya sifa hiyo kwa sababu nyingine, bado ni watu wengi waliorudi kwa mama zao.

Marekani ilifungua mlango nusu. Sheria ya mwaka 2000 ilidai mafunzo ya saa nane na kibali cha pekee, na mwanzoni daktari hakuruhusiwa wagonjwa zaidi ya 30. Daktari huyohuyo aliweza kuandika oksikodoni, dawa ya maumivu iliyowatia wengi katika uraibu, bila kibali hicho! Kilifutwa Desemba 2022, na naona kilichelewa mno kufutwa.

Kwetu Afrika Mashariki, hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kutoa methadoni mwaka 2011, na Kenya ikafuata. Waraibu wengi bado hufika kliniki kila siku kunywa dozi mbele ya mhudumu, na nauli peke yake huwashinda baadhi yao.

Msomaji, kama nyumbani kwako yupo anayetumia methadoni au buprenofini, usimshinikize aache ghafla ili "awe safi". Anayeikatisha hurudi kwa unga mwili ukiwa umepoteza uzoefu, na dozi aliyoizoea zamani huweza kumuua. Mpeleke kwa daktari wake, mwamue pamoja.