Kibanda cha Video: Ukumbi wa Sanaa wa Mtaani

Hapo zamani, mkazi wa Kampala aliyetaka kutazama sinema alioga, akavaa nguo zake nzuri na kushuka mjini. Huko yalikuwako majumba makubwa, miongoni mwake Norman Cinema katika barabara kuu. Mwaka 1972 serikali ya Idi Amin iliwafukuza Waasia, ambao ndio walioshika sehemu kubwa ya biashara ile. Kisha ikafuata miaka ya vita na uhaba. Katika miaka ya 1980 Norman yenyewe ikageuka nyumba ya ibada.

Sinema ikahamia mitaani. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, mtu mwenye televisheni moja, deki ya video na kanda chache aliweza kufungua ukumbi wake. Alijenga kwa mbao na mabati, akaziba kila upenyo wa mwanga, akapanga mabenchi, na nje akatundika ubao ulioandikwa kwa chaki majina ya filamu za siku hiyo. Umeme ulipokosekana, jenereta ilinguruma nyuma ya nyumba. Waganda waliuita ukumbi huo kibanda, jina ambalo msemaji wa Kiswahili hahitaji kufasiriwa.

Lakini filamu zilizoingia humo zilisema Kiingereza, Kichina au Kihindi, na wengi wa watazamaji hawakuzifahamu lugha hizo. Hapo ndipo alipozuka fundi ambaye jumba kubwa la mjini halikupata kuwa naye. Waganda humwita vijee. Yeye huketi kando ya televisheni na kipaza sauti mkononi, hupunguza sauti ya filamu, kisha huisimulia kwa Kiganda papo hapo. Hafasiri tu. Mhusika mwenye jina gumu humpa jina la mtaani. Barabara ya Hong Kong huifanya ifanane na ile iliyo nje ya mlango. Jambazi anapojificha, huwatahadharisha watu. Mapenzi yanapokolea, hutia utani. Watazamaji nao hawanyamazi. Humjibu, humbishia, na akikosea humzomea. Vijee aliye hodari huitazama filamu mapema peke yake, akajua ni wapi aseme na ni wapi awaachie ngumi na risasi ziseme zenyewe.

Kazi hii ina asili yake. Wakati wa ukoloni, magari ya sinema ya serikali yalizunguka vijijini na filamu za kilimo na afya, na kando ya kitambaa cheupe alisimama mtu wa kuzieleza kwa lugha ya wenyeji. Tofauti ni kwamba yule alisema aliyotumwa, ilhali vijee husema anayoyaona. Nchini Tanzania sanaa hiihii ilistawi kwa Kiswahili. Derek Mukandala, aliyejulikana zaidi kwa jina la Lufufu, alipata sifa kubwa kwa filamu za kigeni alizozitia sauti yake, na kanda zake zilitazamwa hata na watu wasiopata kumwona uso.

Wazazi, na hasa akina mama, walikuwa na malalamiko juu ya vibanda, na haifai kuyapuuza. Watoto walikutwa humo saa za masomo. Filamu za watu wazima zilionyeshwa bila mtu kuuliza umri wa aliyeingia. Msichana aliyeonekana akitoka humo usiku alinyoshewa kidole, hivyo ukumbi ulioitwa wa mtaa mara nyingi ukawa wa vijana wa kiume tu. Sheria ya Mawasiliano ya mwaka 2013 inamtaka mwenye ukumbi wa video awe na leseni. Hilo ni jema. Walakini leseni peke yake haimfukuzi mtoto mlangoni. Anayeweza kumfukuza ni mwenye kibanda, ambaye humjua mtoto yule, na mama yake pia.

Neno jingine zito ni la haki. Tangu mwaka 2006 Uganda ina sheria mpya ya hakimiliki, nazo filamu nyingi za vibandani zilikuwa nakala zisizolipiwa. Aliyetengeneza filamu ng'ambo hakupata senti. Hata vijee mwenyewe, sauti yake ikisharekodiwa pamoja na filamu, kanda yake ilinakiliwa na kuuzwa hadi vijiji vya mbali bila yeye kuulizwa. Ni vigumu kumwita mwizi na papo hapo aliyeibiwa, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Thamani ya vibanda huonekana vyema katika mtaa wa Wakaliga, mjini Kampala. Huko ndiko anakotengenezea filamu Isaac Nabwana. Alipokuwa mtoto hakuingia ukumbini. Kaka zake ndio walioingia, wakarudi nyumbani na kumsimulia yote waliyoyaona. Alipokuwa mtu mzima aliwakusanya majirani, wakaunda bunduki za mbao na vyuma chakavu, na mwaka 2010 wakaitoa filamu ya mapigano, Who Killed Captain Alex?, ambayo gharama yake inasemekana haikufika dola 200. Nakala zake waliziuza kwa mikono. Nabwana hakutazamia kwamba ingevuka mipaka ya mtaa wake, lakini kazi za Wakaliga zilifika Toronto mwaka 2019 na kwenye maonyesho makubwa ya sanaa ya Kassel, Ujerumani, mwaka 2022.

Filamu ile ina sauti ya VJ Emmie tangu mwanzo hadi mwisho, akisifu, akicheka na kuwachokoza watazamaji. Nakala isiyokuwa na sauti yake haikusalia. Basi mtazamaji wa Toronto, apende asipende, huketi kibandani pamoja na wengine.

Siku hizi filamu zilizosimuliwa hupatikana katika simu, na nyumba nyingi zina televisheni. Vibanda vingi vimefungwa, na vingine huishi kwa mechi za mpira wa Uingereza. Mama aliyekuwa akihofia kibanda sasa anaye mtoto chumbani, anacheka peke yake na waya masikioni, naye mama hajui kinachochekwa. Vijee naye hurekodi peke yake mbele ya kompyuta. Bado hutia utani, kisha hunyamaza kidogo, kama aliyekuwa akingoja benchi la mbele limjibu.